Baba wa Asubuhi

Dada yangu na mumewe walihamia ghorofa ya tatu ya jengo la kijivu Jumamosi ya kwanza ya Februari, saa nne asubuhi. Vitu vilipandishwa kwa ngazi. Ilipofika saa saba kazi ilikuwa imekwisha, na shemeji alikuwa amelala sakafuni na viatu miguuni.

Mtaa huo walikuwa wameutafuta mwaka mzima. Awali walikaa jirani na kiwanda cha chupa ambako shemeji ni fundi wa tanuri. Alifika kazini kwa dakika tano, lakini kule hakukuwa na njia ya miguu na malori yalipita karibu kukwaruza kuta. Dada hakuweza kwenda zahanati bila kumwomba mwenye gari. Binti yao wa miaka saba, tuliyempa jina la Karani kwa sababu alipenda kuuliza maswali na kuyaandika majibu, alikuwa hajawahi kutoka peke yake hata kununua chumvi. Kwenye mtaa mpya, shule ilikuwa mwendo wa dakika nne na zahanati dakika sita. Soko, maktaba na bustani yenye mabenchi vyote vilifikika kwa miguu. Kiwanda tu ndicho kilichobaki kulekule. Ilikuwa basi, treni, kisha basi jingine: saa mbili na nusu kwenda, saa mbili na nusu kurudi.

"Afadhali mmoja achakae njiani kuliko wote wanne kufungiwa ndani," shemeji aliniambia akiwa bado sakafuni. Wa nne alikuwa kichanga cha miezi mitatu.

"Wewe si tairi," dada akamwambia.

"Tairi linapumzika, mke wangu."

Tulicheka. Yeye alikuwa ameshasinzia.

Kuanzia Jumatatu aliondoka saa kumi na robo alfajiri na kurudi saa mbili na nusu usiku. Karani alilala saa mbili. Siku tano za juma, alichokiona cha baba yake ni kikombe kwenye sinki.

Siku ya tatu mtoto aligoma kwenda shule. Kichanga kilikuwa kimelia usiku kucha, na dada hakuwa na nguvu ya kushuka nacho ngazi na kupanda tena. Ndipo akasema neno ambalo mzazi yeyote aliyechoka angelisema.

"Baba yuko hapo chini, anakusubiri. Ukifanya haraka utamkuta."

Mtoto alivaa viatu mbio, akashuka, hakumkuta mtu, akaenda hadi shule akimtafuta. Dada alimfuata kwa macho kutoka dirishani. Barabara yote ilionekana, isipokuwa hatua kumi hivi chini ya turubai la fundi viatu, pale kwenye kona. Mtoto aliingia chini ya turubai na kutokea upande wa pili. Dada akamlaza mtoto mchanga, naye akalala.

Dawa ilifanya kazi, akaitumia tena kesho yake na siku iliyofuata. Jumapili alimweleza mumewe, wakacheka kichovu. Shemeji akakoleza.

"Mbona huniwahi, Karani? Na mimi natembea polepole!"

"Kesho nitakuwahi," mtoto akasema.

Juma lililofuata hakugoma hata siku moja. Dada aliona jambo dogo tu. Mtoto alipotokea upande wa pili wa turubai, mkono wake wa kushoto ulikuwa umeinuka kidogo kutoka ubavuni, vidole vimekunjwa. Alitembea hivyo mpaka langoni. Kando yake hapakuwa na mtu.

Alhamisi ya tarehe 26 Machi, dada alipeleka kiatu kwa fundi.

"Mumeo ni mtu mzuri," fundi akasema huku akipiga gundi. "Ila si mzungumzaji. Kila asubuhi namsalimu, ananiinulia mkono tu."

"Jumamosi, siyo?"

"Jumamosi kuna shule, mama? Kila siku. Hata leo."

Dada alikiacha kiatu pale pale, akanipigia simu kutoka ngazini. Alinong'ona, ingawa ngazini hapakuwa na mtu.

Kesho yake nilikwenda shuleni. Watoto wa darasa la kwanza hukabidhiwa na mtu mzima, naye husaini kitabu langoni. Dada alidhani mlinzi alikuwa akimpitisha mtoto kwa hisani. Mlinzi alishangaa.

"Nimpitishe nipoteze kazi? Siku zile tatu za mwanzo nilimwandika mwenyewe. Tangu hapo anakuja na baba yake."

Alinifungulia kitabu. Zilikuwa sahihi thelathini, za tarehe kumi na sita Februari hadi asubuhi ile, zote za saa moja na dakika ishirini. Shemeji alikuwa amenitumia kwa simu picha ya kadi yake ya zamu, ambayo kiwandani hugongwa muhuri mlangoni. Siku zote thelathini alikuwa ameingia kazini kabla ya saa moja.

Mwandiko ulikuwa wake. Nilizitazama moja moja. Ya tarehe 11 Machi ilikuwa imepinda, kama ya mtu anayeandika kwa mkono usio wake, na zote zilizofuata zilipinda hivyo hivyo. Nilimpigia shemeji kumuuliza kuhusu siku hiyo. Alisema ndiyo siku aliyoungua kidole gumba cha kulia kwa kioo cha moto, na tangu hapo anaandika kwa kushoto. Daftari la huduma ya kwanza la kiwandani linasema aliungua saa tatu asubuhi.

Sahihi ya shuleni iliandikwa saa moja na dakika ishirini.

Jumamosi tulikaa na Karani mezani. Dada alimbeba mdogo mtu. Mimi ndiye niliyeuliza.

"Huyo anayekupeleka shule ni nani?"

"Baba wa asubuhi."

"Yukoje?"

Alifikiri. "Hachoki."

"Huwa anasema nini?"

"Hasemi, mjomba. Mimi ndiye nasema. Yeye anasikiliza mpaka mwisho."

"Mkono wake?"

"Baridi. Kama bomba la ngazi." Kisha akainama karibu yangu na kushusha sauti. "Na yule wa usiku, anayekoroma, yeye ni nani?"

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi. Alirudi jikoni, na kwa muda mrefu tulisikia maji yakitiririka bila chombo kuoshwa.

Dada alisema ni yeye aliyemwita. Wazee wana neno, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Alilirudia mara tatu akiwa amekitazama kichanga. Shemeji akasema hata yeye aliita, tena kwa kicheko. Waliogopa kitu kimoja tu, nacho kilikuwa wazi kwetu wote: mtoto alikuwa ameshachagua, na hakuwachagua wao.

Jumatatu shemeji aliomba ruhusa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu wahame kwa jua kumkuta nyumbani siku ya kazi. Saa moja na robo alimshika binti yake mkono, wakashuka. Mimi nilifuata nyuma, hatua tano.

Karani alitembea akitazama mbele. Walipokaribia turubai alianza kuvuta mkono.

"Niachie. Ataona."

"Nani ataona?"

"Niachie, ataona."

Shemeji hakumwachia. Waliingia chini ya turubai. Fundi viatu aliinua kichwa, akamtazama shemeji, kisha akageuka na kutazama barabara ya kwenda shule. Akarudi kumtazama shemeji. Msumari ulimdondoka mdomoni.

Langoni mlinzi alikuwa amekishika kitabu. Alimtazama mtoto. Alimtazama baba. Alisogea karibu, akasema kwa sauti ya chini:

"Mzee, umeshasaini."

Sahihi ilikuwepo. Saa moja na dakika ishirini. Saa yangu ilionyesha moja na kumi na tisa.

Tulikwenda darasani. Mlango ulikuwa wazi. Watoto walikuwa wamekaa. Kiti cha Karani kilikuwa kitupu. Juu ya dawati palikuwa na daftari lililofunguliwa, tarehe ya siku ile imeandikwa juu ya ukurasa, na chini yake hesabu moja iliyofanywa nusu.

Mwalimu alitoka akatuona. Alimwona Karani ameng'ang'ania suruali ya baba yake kwa mikono miwili.

"Umetoka saa ngapi?" akamuuliza. "Si sasa hivi nimekwambia ukae vizuri?"

Nyuma ya mwalimu, kiti kilivutwa.

Shemeji alimbeba binti yake na kuondoka. Hakukimbia. Siku hiyo hiyo aliandika barua ya uhamisho wa shule, na Jumamosi ya tarehe 11 Aprili walirudi jirani na kiwanda. Dada alifungasha vitu. Kitu pekee alichouliza ni kama kule wamejenga njia ya miguu. Hawajajenga.

Sasa Karani husoma shule iliyo ng'ambo ya barabara ya malori, na baba yake, aliyebadilishiwa zamu, humvusha asubuhi na mchana. Mwanzoni alilia njiani. Siku hizi halii. Wiki iliyopita alimwambia baba yake kwamba mkono wake una jasho, kisha akaendelea kuushika.

Mwanzoni mwa Mei ripoti ya muhula ilifika kutoka shule ya zamani. Karani alisoma pale siku thelathini na tano. Ripoti inasema alihudhuria siku sitini na moja kati ya sitini na moja. Maoni ya mwalimu ni mstari mmoja: "Mtulivu mno. Ahimizwe kuzungumza."

Jumanne ya tarehe 12 Mei nilikwenda kumwona mwalimu huyo. Nilifika saa nane na nusu mchana. Alisema barua ya uhamisho aliiona, lakini kesho yake mtoto aliletwa kama kawaida, akajua familia imeghairi.

"Umechelewa kidogo," akaniambia. "Baba yake amempitia sasa hivi. Wanatembea taratibu."

Nilimpigia shemeji saa nane na dakika thelathini na nne. Alikuwa njiani na mwanawe, wakirudi kutoka shule, malori yakisikika nyuma yake. Nilimwomba ampe Karani simu. Akampa. Mtoto alinisalimu na kuniuliza niko wapi. Nilimwambia.

Kisha akauliza kwa sauti ndogo kama bado wako barabarani, na yule mtoto mwingine amemshika baba wa asubuhi mkono gani.