Aliyeitika Mwito wa Pili

Nilikuwa nachemsha chai. Jua linashuka nyuma ya mlima, jiko la gesi linavuma, nami nimekaa kwenye kile kiti cha turubai cha kukunja, blanketi magotini. Pikipiki mbili zimeegeshwa pembeni, bado zinatoa joto. Wajukuu zangu wawili walikuwa wamepanda juu kidogo kunyoosha miguu, wakasema watarudi kabla chai haijachemka.

Chai ikachemka.

Ukungu ukashuka.

Lakini ngoja. Nikikwambia ya ukungu kabla ya ugomvi wao, hutanielewa.

Mimi shule sikuiona hata mlango, ila magomvi ya ukoo wetu yote ninayo kichwani. Nani hasemi na nani, kisa nini, tangu mazishi ya nani. Mtu akitaka kufanya harusi anakuja kwanza kuniuliza, asije akawakalisha mahasimu benchi moja. Wakaza wanangu wananisema: "Bibi huyu chakula chake ugomvi. Siku tukipatana wote atakufa njaa." Wanasema huku wanacheka. Wengine hawacheki.

Sasa hawa wawili ni watoto wa mwanangu marehemu. Wa kike tunamwita Fundi, maana anatengeneza pikipiki, kucha zake nyeusi kila siku ya Mungu. Mdogo wake wa kiume ni Msumari. Ukishampigilia mahali, ndiyo hapo hapo.

Siku tunamzika baba yao, Fundi alikuwa njiani na pikipiki yake, tairi likampasukia. Akapiga simu, analia, nisubirini. Msumari akatazama mawingu, akasema, "Mvua haimsubiri mtu. Zikeni." Fundi akafika, kofia ya pikipiki mkononi, akakuta watu wanakung'uta majembe.

Tangu siku hiyo hakumwita mdogo wake kwa jina, wala kwa tusi. Wakitaka kuambiana kitu wanapitia kwangu. Hata wakiwa chumba kimoja.

Baba yao alikuwa akiwachukua kwenye pikipiki tangu wadogo, mmoja mbele, mmoja nyuma, hema limefungwa juu ya tangi, wanakwenda kulala mlimani. Nikasema, basi, twendeni mlima ule ule. Mimi nitakuja. Huenda baba yao akawasuluhisha, mimi nimeshindwa.

"Bibi, utaanguka," wakasema wote wawili pamoja, halafu wakanuna kwa sababu wamesema pamoja.

Nilipanda nyuma ya Msumari. Njia nzima anatukana mashimo. Kila shimo na tusi lake, mengine na wazazi wake. "Shika mumeo vizuri, Bibi!" ananipigia kelele. "Mume gani huyu mwembamba kama spoku?" namjibu, naye anacheka mpaka pikipiki inayumba.

Pale langoni askari wa mlima akatuandika. Mtu wa maneno machache. Akawaambia wajukuu zangu, "Msiachane. Jua likiinama, geuzeni. Ukungu ukiwafunika simameni hapo hapo, muitane. Na ukiitwa, itika papo hapo. Usimwachie mwenzako mwito unaning'inia."

"Ukiachwa unaning'inia kuna nini?" nikamuuliza.

Akafunga geti, akaangalia pembeni.

"Itikeni tu, mama."

Hapo ndipo moyo wangu ulipogonga. Kwetu aliyenuna haitiki mwito wa kwanza. Haitiki hata wa pili. Anaitika wa tatu, ili anayeita ajue thamani ya alichokivunja. Ndivyo alivyofanya mume wangu, ndivyo alivyofanya mwanangu. Kwetu mwito wa tatu ndio msamaha. Mtu akisikia anaitwa mara ya tatu anatoka alikojificha, wanashikana mikono, yamekwisha.

Nikajisemea, aa, ni maneno ya kazini kwake tu hayo. Tukaendelea na safari.

Kambini ikawa vioja.

"Bibi, mwambie huyo mtu wako hema halifungwi kwenye mteremko, maji yatamzoa."

Huyo mtu wangu amesimama hatua moja kutoka kwake.

"Bibi, mwambie hema ni langu na mteremko ni wangu."

"Amesema hema ni lake," nikasema.

"Nimesikia, Bibi, sina pamba masikioni."

"Kama umesikia, mimi hapa nafanya nini?"

Wakakaribia kucheka. Wallahi, walikaribia. Wakaondoka kupanda, Fundi mbele, Msumari nyuma kwa mbali. Filimbi za kuitana zilikuwa mbili, zote kwenye begi la Fundi. Msumari aliliangalia begi lile. Lakini kuomba ni kusema. Akaenda bila filimbi.

Sasa ndiyo ukungu ukashuka.

Haukuja kama moshi. Ulikuja kama mtu amevuta shuka. Hema sikuliona. Pikipiki sikuziona. Niliona moto wa jiko tu, bluu, umekuwa mdogo.

Kisha nikasikia, kule juu:

"Msumariii!"

Fundi! Anamwita mdogo wake kwa jina! Nilitupa blanketi, nikasimama, machozi yananitoka.

Kimya.

Namjua mjukuu wangu. Nilimwona kichwani mwangu, amekaa juu ya jiwe, mikono kifuani, anatabasamu peke yake. Ita tena, dada. Ita.

"Msumariii! Uko wapi?"

Kimya... mwito wa pili huo. Bado mmoja. Nilikuwa nimekunja ngumi kama naangalia mpira. Mmoja tu, mwanangu, ita mmoja tu...

"Nipo hapa, dada."



Sauti ilikuwa ya Msumari. Ile ile, na mkwaruzo wake. Lakini haikutoka juu, kwenye njia waliyopanda. Ilitoka chini. Kwenye korongo. Na haikupiga kelele, ilisema taratibu, na bado mimi huku niliisikia kama imesemwa sikioni mwangu.

Halafu ile harufu. Udongo uliofukuliwa sasa hivi, mbichi, wa baridi. Naijua tangu tulipomzika mwanangu. Fundi haijui. Alifika wameshamaliza.

Walitokea kwenye ukungu wameshikana mikono. Fundi analia na kucheka.

"Bibi! Ameitika! Tumeyamaliza!"

Na yeye yuko pembeni yake, anatabasamu. Uso wa Msumari, koti la Msumari, hata kovu la shavuni. Buti zake zilikuwa na tope jekundu mpaka magotini. Njia waliyopanda ni mawe matupu.

"Kaa, mume wangu," nikamwambia, nikamjaribu kwa utani wetu. "Umemchosha mkeo kwa kungoja."

Akakaa. Hakucheka.

"Asante, Bibi."

Nikammiminia chai. Akashika kikombe cha bati kinachounguza kwa viganja viwili, akatulia nacho.

Basi nikatumia elimu yangu mimi. Nikamuuliza, "Yule binamu yako aliyekucheka mbele ya wachumba, harusini utamwita?"

"Nitamwita. Yamekwisha."

"Na baba yako mdogo, aliyemwita mama yako mwizi?"

"Yamekwisha, Bibi."

Fundi akamwegemea begani. "Ona alivyobadilika!"

Msumari wangu mimi, hata jogoo aliyemparua utotoni alikuwa hajamsamehe. Jogoo tulimla, na yeye hakusamehe, alikataa hata mchuzi. Huyu aliyekaa hapa hana kinyongo hata kimoja. Hajui hata anasamehe nini.

Na kama huyu si yeye... wangu bado yuko juu. Amekaa kwenye jiwe, giza linaingia, anangoja mwito wa tatu.

Nikainuka, nikashika fimbo, nikaelekea mlimani kwa magoti haya yasiyokunjika. Nikavuta pumzi, nikaita:

"Mjukuu wanguuu!"

"Nipo hapa, Bibi."

Nyuma ya shingo yangu. Sikusikia akitembea.

Nikaita tena. Nikaitikwa tena na yule yule. Kila nilipofungua mdomo, jibu lilikuwa limeshakaa masikioni kabla mlima haujapata nafasi. Na sauti yangu ya kizee, ilifika jiwe la kwanza ikafa.

Nikamvuta Fundi ndani ya hema. Yule alikuwa nje, tunamsikia anasugua sufuria.

"Mwanangu," nikamnong'oneza, "toka umwite mara ya tatu. Kwa nguvu. Wewe, si mimi. Anakungoja wewe."

"Nimwite nani? Si huyo anaosha sufuria?"

"Aliitika wa pili, Fundi. Lini mtu wa kwetu aliitika wa pili?"

Nikaona wazo limemgusa, linaingia... Kule nje kusugua kukakoma.

"Dada," ile sauti ikasema kwa upole. "Baba alikuwa anakusubiri. Ni mimi niliyekosa."

Fundi akafumba macho. Maneno hayo alikuwa akiyataka tangu siku ya mazishi. Alipofumbua macho, aliniangalia mimi kama mtu baki.

"Wanasema kweli," akaninong'oneza. "Unapenda tugombane. Tukipatana huna kazi."

Akafungua zipu ya hema, akatoka kumfuata.

Asubuhi ukungu umeondoka. Mlima uko pale, mtupu, mawe tu, hakuna mtu. Nilijaribu kupanda, nikaanguka hatua chache kutoka kambini, na aliyenibeba kunirudisha ni yule yule. Tukafunga mahema. Kule langoni nikamshika askari mkono.

"Mjukuu wangu amebaki juu."

Akaangalia karatasi yake, akatuangalia. "Wameingia watatu, wanatoka watatu, mama."

"Huyo si wetu."

Askari hakunicheka. Hicho ndicho kilichoniua. Alimtazama yule, akatazama tope la buti, akashusha macho, akatufungulia geti. Haraka.

Nikapandishwa pikipiki nyuma ya yule. Mimi, kwa mikono yangu, nikamkumbatia kiuno, maana bila kushika ningeanguka. Baridi ikapita koti lake ikaingia kwenye mbavu zangu. Tukashuka. Shimo. Shimo lingine. Hakutukana hata moja.

Tulipofika kona ya kwanza, Fundi yuko mbele, ngurumo ya pikipiki yake imemjaa masikioni, nikasikia kutoka juu kabisa, mbali, sauti imekauka, na ndani yake kiburi kimevunjika vipande:

"Haya basi, nimesikia! Dada! Nimesikia, niite basi!"

Nikafungua mdomo.

Yule aliyenibeba akageuza kichwa kidogo, akatabasamu. Akavuta mafuta. Mlio ukafunika kila kitu.

Sasa yuko nyumbani. Kila mtu anampenda. Anakwenda nyumba kwa nyumba, kwa baba mdogo, kwa binamu, kwa shangazi aliyehama kwa hasira. Anakaa nao jioni moja, mlango umefungwa. Kesho yake wanatoka wanatabasamu, wanashikana mikono. Ukiwauliza habari za jana wanasema, yamekwisha. Wote neno hilo hilo, kwa utulivu ule ule. Wakaza wanangu waliokuwa wakivutana ndoo bombani sasa wanapishana kimya. Watoto hawalii. Hakuna anayeniletea neno la kupeleka kwa mtu. Nyumba imetulia mpaka unasikia mende wakitembea.

Na sasa wanarudi mlimani. Ukoo mzima. Anasema kuna mahali kule kwenye korongo panatosha mahema yote. Fundi alikesha akitengeneza pikipiki za watu, anakaza minyororo, anajaza upepo. Kwa siku zote hizi yeye alikuwa bado anachoka, bado anaapa akijigonga kidole. Nikajua yeye bado wangu. Bado mmoja.

Nikafikiri, nina nini mimi? Nguvu sina, miguu sina, anayeniamini hayupo. Nina ugomvi tu. Basi nikaenda uani, alipokuwa amepiga goti kwenye gurudumu, nikamtafutia neno baya kuliko yote niliyowahi kuyabeba. Ili anichukie. Ili anune, ajifungie chumbani, asiende.

"Fundi," nikamwambia, "baba yako alipokuwa anakata roho aliwaita watu wote kwa majina. Wewe hakukutaja."

Uongo. Alimwita mpaka sauti ikamkauka. Mungu anisamehe.

Spana ikasimama mkononi mwake. Nikangoja. Nikamwomba Mungu Fundi anitukane. Anitupie spana ile usoni, aseme sina bibi tangu leo, na mimi nimshukuru.

Akainuka taratibu. Akafuta mikono. Akaja mpaka karibu yangu, akaniwekea kiganja shavuni, na kiganja kile kilikuwa baridi, na kilinuka udongo uliofukuliwa sasa hivi.

"Yamekwisha, Bibi," akasema, anatabasamu. "Njoo nikuvalishe kofia."