Shafti ya Mwoka Mikate

Duka la vipuri lilikuwa limefurika siku walipokutana. Fundi wa kukereza vyuma, ovaroli ya bluu na kilemba chekundu, alikuwa akimkaripia muuzaji kwa sababu ya beringi mbovu. Nyuma yake mwoka mikate, shati limejaa unga, akasema, "Dada, ukimaliza kumtisha huyo, nitengenezee na mimi shafti ya mashine ya kukandia." Fundi alicheka kabla hajageuka. Alipogeuka, basi tena, moyo ulishakwenda.

Alimkerezea shafti ile, mwoka mikate akiwa amekaa karakanani juu ya ndoo, akimchokoza. Fundi akamweleza: shafti isibane ndani ya bushi, ile pete inamozungukia, wala isicheze. Iachiwe nafasi ya unene wa unywele tu, mafuta yapite.

"Unywele wangu au wako?"

"Wako. Wangu ghali."

Akapima haraka haraka, akamfungia mzigo wake, wakaenda kula.

Mapenzi yalikuwa bado mabichi fundi alipomwona mpenzi wake akitoka karakana ya ng'ambo ya barabara, kwa mkerezaji mmoja wa kike mwenye vishimo mashavuni na kucha za rangi. Fundi wa vyuma gani anapaka kucha rangi? Walikuwa wakicheka, na mwanamume amebana kwapani kitu kilichofungwa gazeti. Wivu ulimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Akapiga simu.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Kazini, roho yangu. Nakanda unga."

"Siku hizi unga unakandiwa barabarani?"

"Mama, nisikilize..."

"Mama yako yuko kwenu!" Akakata.

Simu iliita mchana kutwa, hakuipokea. Alikereza kwa hasira mpaka akavunja kisu cha mashine. Jioni mwoka mikate akaja mwenyewe, uso umemshuka.

"Una nini na yule wa kucha?"

"Sina kitu naye."

"Ulifuata nini, sasa?"

Akafungua gazeti mezani. Zilikuwamo shafti mbili. "Hii yako ilikuwa inacheza. Mashine iligonga tangu siku ya kwanza. Sikutaka kukuumiza, nikamwomba yeye anikerezee nyingine."

"Afadhali ungembusu!"

Alizipima zote mbili. Ya jirani ilikuwa sawasawa. Yake ilikuwa nyembamba, na papo hapo akajua kwa nini: siku ile, kwa kunogewa na vicheko, aliipima ikiwa bado ya moto. Chuma cha moto hutanuka, kikipoa hunywea.

"Nani mwingine anajua?"

"Yeye tu. Alisema ulipima kabla haijapoa."

"Kumbe hata sababu anaijua!" Machozi yakamtoka, ya wivu na ya aibu pamoja. "Ukaona bora nichekwe na yule kuliko uniambie wewe?"

"Hakukucheka. Niliogopa utaniacha."

"Sasa ndiyo unakaribia kuachwa."

Akafuta uso, akafunga chuma kipya kwenye mashine. Alipomaliza kukereza hakugusa kipimo. Walikaa wakingoja shafti ipoe. Ilipopoa akaipima, wakaenda kuifunga pamoja kwenye mashine ya kukandia, nayo ikazunguka bila kugonga.

"Nataka kukuoa," mwanamume akasema palepale, mikono ikinuka mafuta.

"Kazi yangu ikiharibika tena, utamwambia nani kwanza?"

"Wewe."

"Hata nikinuna?"

"Hata ukinirushia nyundo."

"Basi waambie wazee wako waje kwetu. Na namba ya yule wa kucha, ifute nikiona."

Akaifuta. Fundi akaichukua simu, akahakikisha mwenyewe.