Betri Kooni

Kila alasiri baada ya shule, binti mmoja wa darasa la sita aliosha vyombo uani huku akimchunga mdogo wake aliyekuwa akijifunza kutembea. Siku hiyo mtoto alikataa uji. Udenda ulimtoka mfululizo, na kilio chake kilikuwa cha kukwaruza.

"Meno hayo," shangazi yao alisema, akiendelea kupiga pasi.

Binti alikitupia jicho kigari cha kuchezea. Asubuhi alikifungua apate kujua kinaimbaje, akasahau kurudisha kifuniko. Betri yake, ya duara kama kifungo cha koti, haikuwemo. Akaitafuta chini kote, asiione.

"Shangazi, amemeza betri!"

"Ulimwona?"

"Sikumwona, lakini haipo. Twende hospitali."

"Usinitie kiwewe! Tumsubiri mama yako. Na ukisema ulikifungua hicho kigari, utazila fimbo."

"Basi nitazila."

Akambeba mdogo wake mgongoni, akatoka. Shangazi akamfuata mbio, kandambili moja mkononi, akifoka njia nzima.

Hospitalini shangazi alimwahi muuguzi. "Ni meno tu, nesi. Huyu binti mbishi."

"Si meno!" Foleni nzima iligeuka. "Mimi ndiye niliyefungua kigari. Nipigeni mkitaka, lakini kwanza mpigeni yeye picha!"

Muuguzi hakucheka. Aliwapeleka moja kwa moja chumba cha eksirei. Punde, kwenye kioo cha kompyuta, likaonekana duara jeupe limekwama kooni.

Daktari aliinama kutazama. "Lina kingo mbili, moja ndani ya nyingine. Sarafu haiko hivi; hii ni betri. Chumba cha upasuaji, sasa hivi!"

Betri waliitoa kwa mpira mwembamba wenye kamera, uliopitishwa mdomoni. Koo lilikuwa limeanza kuungua, hivyo mtoto akalazwa chumba cha wagonjwa mahututi. Mama yao alifika na sare ya kazi mwilini, akakaa na binti wakitazama mashine ikichora mapigo ya moyo, mlima baada ya mlima. Kulipokucha, mtoto alinyoosha mikono abebwe. Shangazi ndiye aliyelia.

"Ulikosea kukiacha kigari wazi," daktari alimwambia binti. "Lakini betri hizi huunguza koo kwa saa chache tu. Mashine zetu huona ndani ya mwili, ila haziwezi kwenda kumchukua mgonjwa nyumbani. Kosa likifichwa huzaa msiba. Likisemwa mapema, hutibika."

"Na mimi niliyemwambia anyamaze?" shangazi aliuliza, macho chini.

"Wewe, mama, siku nyingine akibisha, uliza kwanza anabishia nini."