Nilivyomwitikia Mahfoudha

Mnanijua mie Mahbuba, nikicheka, Sib nzima hapa Maskati inasikia. Leo sicheki. Sikilizeni.

Jua linataka kuchwa, nnakwenda Wattaya kumtazama dada yangu Mahfoudha, siku ya tisa yuko hoi kwa homa. Mkononi nna chupa ya uji wa pilipili manga. Nikashuka ngazi za ile njia ya chini, nivuke barabara nikapande basi.

Ngazi haziishi. Nashuka tu...

Chini, treni! Inang'aa, kiyoyozi kinapuliza. Nikasema, "Masha Allah, hii wamejenga lini?" Nikapanda, mjinga mie.

Jamani, Maskati hakuna treni ya chini.

Ndani watu wamejaa, kimya. Inanuka karafuu maiti na udongo mbichi. Nikamuuliza bibi wa pembeni, "Unashuka wapi, bibi?"

"Nikiitwa," akaninong'oneza.

Gu-du... gu-du... Ikasimama. Sauti, tamu kama ya mama:

"Jaifar!"

"Labeka." Mzee akashuka kizani.

"Mazoon!"

"Abee." Msichana, nywele bado zinatona maji.

Kituo cha tatu.

"Mahfoudha binti Hatem!"

Jina la dada yangu hilo!

"Mahfoudha!"

Sasa, tangu utotoni mama akimwita Mahfoudha, mvivu yule haitiki. Namwitikia mie, natumwa mie. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Abee!"

Bibi akanishika mkono. Baridi! "Ushaitika. Shuka."

Nikashuka. Kufumba na kufumbua niko Wattaya, juu ya ngazi, wanaadhini magharibi. Uji kwenye chupa umekuwa barafu.

Namkuta Mahfoudha kakaa kitandani, anakula tende. Homa hana.

"Nimemsikia marehemu mama ananiita," akasema. "Nataka kuitika, ukanitangulia. Kiherehere wewe, toka zamani!"

Akacheka. Cheko langu mie, lile lile, mpaka majirani wakagonga ukuta.

Nami nikataka kucheka. Hakikutoka kitu.

Toka siku ile chakula hakina ladha. Mafuta ya moto yamenirukia, sikuhisi. Daktari anasema mie mzima. Nikiitwa Mahbuba, sisikii mpaka niguswe. Akiitwa Mahfoudha, naitika mie.

Na wala siogopi. Hilo ndo baya.

Jana tuko jikoni, magharibi inaingia. Chini ya sakafu... gu-du. Gu-du.

Ikasimama.

Mahfoudha akaniziba mdomo kwa mkono. Mkono wa pili kajiziba mwenyewe.

Tukasubiri litaitwa jina gani.