Koo la Kukodi

Haya nilisimuliwa na mpiga pasi wa karakana ya kushona, jirani yangu, mwaka ule wa uchaguzi, siku aliyokuja kuazima ndoo akakaa hadi chai ikapoa.

Pale kazini kwao palikuwa na mshonaji, binti wa macho makubwa. Mama yake alivuka mpaka naye mgongoni, baada ya chama kimoja cha nchi jirani kuwachomea nyumba. Siku moja, katikati ya msongamano wa stendi, shali ya manjano ya binti huyo ikanasa kwenye kifungo cha shati la kijana mmoja, mkalimani.

"Dada, umeniteka mchana kweupe?"

"Kifungo chako ndicho mwizi, kaka. Simama nikikate."

"Kata, lakini namba ya simu uniachie."

Mwezi wa tatu ulipofika walikuwa wanaitana "moyo wangu" na "mchokozi wangu", na kijana ameahidi kwenda kuposa Jumapili.

Juma hilohilo chama kikubwa cha hapa, chama cha watu wastaarabu wenye suti, kikatangaza kushikana mkono na kile chama cha nchi jirani. Wageni wakaja na makoti yao ya kijivu, jua likiwaka. Pale karakana redio ilikuwa imewashwa.

"Mimi sioni haya kusema," sauti ilitoka, tulivu kama maji mtungini. "Mimi nilizijua nyumba zao moja moja. Na za waliokimbilia huku nitazijua."

Mashine zikanyamaza. Mpiga pasi akaunguza kola. Sauti ile ilikuwa ya mchokozi.

Simu ikalia. "Moyo wangu, umekula?"

"Nyumba zipi ulizozijua?"

"Nini?"

"Nimekusikia redioni. Jumapili usije." Akakata.

Nyumbani alimkuta mama yake amekaa mbele ya redio iliyozimwa.

"Huyu anayemfasiria mgeni," mama alisema, "ndiye aliyebisha mlangoni kwangu usiku ule."

"Mama, wakati huo naye alikuwa mtoto wa kubebwa."

"Najua, mwanangu. Lakini sauti ndiyo hiyo."

Asubuhi mkalimani alikuja karakana, tai imelegea, macho mekundu.

"Kazi yetu ndivyo ilivyo, moyo wangu. Mgeni akisema 'mimi', nami nasema 'mimi'. Nikisema 'yeye anasema', nafukuzwa."

"Sawa. Mbona ulisema vizuri hivyo?"

Kijana akatazama chini.

"Hilo ndilo linalonitisha. Sikukwama hata mara moja. Neno lilinifika mdomoni kabla yeye hajalitamka. Leo nimeagiza kahawa, muuzaji akaniuliza natoka nchi gani."

Akaziba mdomo kwa kiganja, kama mtu anayezuia kitu kisitoke.

"Leo wanatia saini," binti alisema. "Utakwenda?"

"Nisipokwenda sina kazi."

"Ukisema yale tena, huna mke."

Akaenda. Saa sita mpiga pasi akaongeza sauti ya redio. Mgeni alikuwa ananguruma, kisha ikaja zamu ya mkalimani, na kimya kikawa kirefu mno. Hatimaye sauti ikatoka imekwaruza, inajikwaa kila neno.

"Yeye... yeye anasema alizijua nyumba zao. Yeye, siyo mimi. Mimi naposa kwenye nyumba mojawapo."

Kipaza sauti kikazimwa. Muziki ukapigwa. Na saini zikatiwa vilevile.

Alasiri kijana alibisha kwa mama mkwe. Binti alitaka kukimbia afungue, mama akamshika mkono.

"Hodi," kijana aliita.

"Rudia."

"Hodi, mama. Nimefukuzwa kazi."

Mama akaweka sikio kwenye ubao wa mlango, akasikiliza hadi pumzi.

"Hii siyo ile," akasema, akavuta komeo.

Mkalimani alilala palepale kwenye kiti kabla hajamaliza maji aliyopewa. Binti akasinzia begani kwake. Dirishani makoti ya kijivu yalipita na karani wa chama chetu, akiwaonyesha milango kwa kalamu, kwa adabu kabisa. Mama aliwatazama hadi kona, akafunga pazia. Kisha akavaa viatu, akakaza kamba, akajilaza navyo kitandani, na baada ya kitambo usingizi ukamchukua.