Aliyeficha Anakaa Benchi

Jumamosi asubuhi duka la vifaa vya ujenzi lile la kona halina hata pa kuweka mguu. Fundi huyu anataka misumari, yule anataka rangi, mwenye duka anajibu watatu kwa mpigo na bado anapokea simu. Katikati ya fujo hiyo akaingia dada mmoja mrefu, suruali ya michezo ya bluu, fulana nyeupe iliyopigwa pasi mpaka mikononi, filimbi shingoni, ndoo sita za njano zimepandana mkononi na wavu wa mipira begani. Aligeuka kumsalimia mwenye duka, na ule wavu ukamzaba usoni kijana aliyesimama nyuma yake.

"Jamani! Nimekuumiza?"

"Hata kidogo," kijana alisema, huku akishika pua. "Tangu darasa la tano nasubiri mtu anipigie pasi. Sijawahi kupangwa."

Dada akacheka mpaka ndoo zikayumba. Kijana alikuwa mtanashati hasa: shati la kaki lenye mikunjo mikali, kalamu mbili mfukoni, viatu vinang'aa.

"Na ndoo zote hizo? Unafungua udobi?"

"Nazitoboa, nazitia koki. Za watoto kunawia mikono. Nafundisha watoto sitini mpira."

"Mpira na kunawa wapi na wapi?"

"Wewe unafanya kazi gani, hata unihoji hivyo?"

"Napima maji. Visima, matangi, mabomba. Natia maji kwenye chupa, napeleka maabara, naandika cheti."

"Usiniambie!" Dada akaweka ndoo chini. "Tumeletewa tangi pale uwanjani, wiki chache zijazo linaunganishwa. Bila cheti simruhusu mtoto anywe hata tone. Njoo basi, Bwana Chupa."

Jina likamganda hapo hapo. Naye akamwita Kocha kama wanavyomwita watoto, na Jumatano akaenda uwanjani, akisema moyoni ni kazi tu. Kazi gani, na tangi lenyewe lilikuwa bado halijatiwa maji!

Alichokiona siku hiyo kilimfurahisha kweli. Kocha aliingiza uwanjani mpira mwekundu uliopakwa unga wa chaki, akawaambia watoto huo ndio uchafu wa chooni. Ukikugusa, unasimama, unainua mkono juu, unapaza sauti: "Nimechafuka!" Kisha unakimbilia ndoo za njano, unanawa kwa sabuni huku timu nzima ikihesabu mpaka ishirini, ukirudi unapewa pasi ya kwanza. Na ni marufuku kumcheka aliyeinua mkono.

"Akichekwa leo, kesho ataficha," Kocha alimweleza. "Na akificha, chaki anampaka kila anayemshika. Angalia."

Ni kweli, mtoto mmoja alikuwa ameficha, na migongo saba ilikuwa na chaki. Kipa wa timu, binti wa miaka tisa waliyemwita Chenga, mtoto wa dada yake Kocha, alimnyooshea kidole: "Kaficha! Aliyeficha anakaa benchi mpaka mechi iishe!" Mtoto akaenda benchi bila kubisha. Sheria waliijua wote.

Baada ya Jumatano mbili, watu wazima hawa walikuwa wameshazama. Simu haziishi.

"Umekula, Kocha wangu?"

"Nimekula. Wewe umenawa?"

"Kabla na baada."

"Vidole gumba?"

"Wewe mwanamke, huna maneno mengine ya kumwambia mtu anayekupenda?"

"Ninayo. Ila kwanza vidole gumba."

Jumatano ya nne tangi likajaa. Bwana Chupa akachota maji yake, akafunga chupa, akaandika saa. Sasa, maji ya kupimwa yanatakiwa yakae kwenye boksi la barafu na yafike maabara siku ile ile, yakichelewa hayapimiki tena. Hilo alilijua vizuri kuliko jina la mjomba wake. Lakini boksi alilisahau ofisini, akaitumbukiza chupa kwenye mkoba wa pikipiki, na Kocha siku hiyo alikuwa amevaa gauni la kijani, mara ya kwanza kumwona bila filimbi. Wakaenda kunywa soda. Soda moja ikawa tatu, mkono ukashikwa, neno likasemwa. Chupa aliikumbuka kesho yake saa nne asubuhi, imelala mkobani, jua limeipiga, imepata joto kama chai.

Alikuwa bado ameishika mkononi simu ilipoita.

"Mpenzi, cheti vipi? Jumamosi nazindua tangi, nimewaita wazazi wote."

Angesema tu, "Nimesahau, nakuja kuchota mengine, sogeza mbele." Maneno machache. Lakini aliona aibu, yeye mwenye mikunjo mikali na kalamu mbili, kusema kwamba gauni limemsahaulisha kazi.

"Kesho unacho," akasema.

Akajiambia tangi ni jipya, maji ni ya mtambo, mara ngapi yamewahi kuharibika? Akaandika: Salama kwa kunywa. Akagonga mhuri. Mimi ninayewasimulia nampenda kijana huyu, lakini pale, kwa kweli, bora kalamu ingemvunjikia mkononi.

Jumamosi akina mama walijaa uwanjani na kanga zao na miavuli. Kocha alisoma cheti kwa sauti, akajaza kikombe, akanywa mbele yao mpaka tone la mwisho, watoto wakapiga makofi. Vikombe alivyoagiza vilikuwa havijafika. Alikuwa na kimoja hicho hicho. Alitazama watoto sitini waliokauka midomo kwa jua, akafanya jambo ambalo amewakataza mwaka mzima: akakipitisha kikombe kimoja kwa wote, bila hata kukisuuza.

Jumatatu watoto kumi na mmoja walikuwa wanaharisha. Wawili waliwekewa dripu, na mmoja wao ni Chenga.

Kocha alikwenda zahanati mbio na kandambili zisizofanana. Dada yake alikuwa amekaa kitandani, mtoto kamlalia, mkono mdogo umefungwa plasta.

"Dada, nimshike kidogo upumzike."

"Usimguse." Dada hakupandisha sauti, na hiyo ndiyo ilimuumiza zaidi. "Wewe si ndiye mwenye kunawa? Si ndiye uliyetuonyesha maji masafi? Nenda zako, mdogo wangu. Nitakuita."

Alitoka nje, akaegemea ukuta, akapiga simu.

"Chupa."

"Mpenzi, nimesikia. Pole sana, nilikuwa nakuja..."

"Nakuuliza kitu kimoja. Maji yale yalikuwa salama?"

Bwana Chupa aliihamishia simu sikio la pili.

"Si... cheti si unacho?"

"Nataka kauli ya mdomo wako, sitaki cheti."

"Yalikuwa salama."

Alimsikia Kocha akivuta pumzi.

"Basi ni mimi," alisema, na simu ikakatika.

Ni yeye kivipi? Bwana Chupa hakuelewa, na hakuthubutu kuuliza. Kwa Kocha hesabu ilikuwa nyepesi: maji salama, watoto wagonjwa, kilichobaki ni kikombe. Alinawa mikono usiku na mchana mpaka ngozi ikapasuka. Akina mama walipomuuliza njiani, "Mwalimu, imekuwaje?" alisema hajui. Hakutaja kikombe. Kila alipotaka kukitaja, aligeukia njia ya nyuma ya nyumba asikutane na mtu.

Bwana Chupa naye alikwenda uwanjani Jumanne alfajiri, safari hii na boksi na barafu, akafanya kazi yake kama inavyotakiwa. Jumatano majibu yakatoka. Hata mwanafunzi angeyasoma: uchafu wa choo mtupu. Alifunga tangi kwa mnyororo, akabandika karatasi, "Msinywe," akafuata bomba kwa jembe mpaka akapata ufa, hatua nne kutoka kwenye shimo la choo. Walioiona ile karatasi walidhani ni tahadhari tu kwa sababu ya ugonjwa. Kisha akaingia kwa mkuu wake wa kazi, akaweka mezani majibu mapya na cheti cha zamani.

"Hiki niliandika bila kupima," alisema.

Mkuu alimsimamisha kazi miezi mitatu. Hicho hakikumuuma sana. Kilichomuuma ni simu iliyokuwa mfukoni. Kocha alikuwa ameandika: "Umenyamaza. Kama unanionea aibu, niambie tu, nisisubiri." Aliandika jibu, akafuta. Akaandika tena, akafuta. Mtu utamwambiaje kwa simu kwamba mzigo aliobeba ni wako? Kocha akangoja siku mbili, akaitoa picha ya Bwana Chupa kwenye simu na kujilaza kifudifudi. Hata yeye kanichukia, akasema.

Jumamosi akina mama wakaitisha kikao palepale uwanjani. Swali lilikuwa moja: mazoezi yaendelee, au Kocha arudishe mipira na kutafuta kazi nyingine. Watoto walikaa kwenye nyasi, kimya isivyo kawaida yao. Chenga, katoka zahanati jana yake, alikuwa mapajani kwa mama yake, glavu za kipa mkononi. Kocha alisimama mbele, fulana haijapigwa pasi.

"Watoto wetu wasikanyage tena hapa!" mama mmoja alisema, na wengi wakaitikia.

Hapo pikipiki ikasimama. Bwana Chupa akashuka, akapita katikati ya akina mama, akasimama mahali watoto husimama wakiguswa na mpira mwekundu. Akainua mkono juu.

"Nimechafuka," alisema.

Sauti haikutoka vizuri. Akarudia.

"Nimechafuka! Maji sikuyapima. Nilisahau chupa juani, nikaona haya kusema, nikaandika cheti cha uongo. Bomba lina ufa karibu na choo. Kocha aliniuliza kwa mdomo wake, nikamdanganya tena. Watoto wenu wameugua kwa sababu yangu mimi, siyo yeye."

Weh! Makelele yaliyozuka hapo siwezi kuyaandika. Mama mmoja alimrushia kiatu, kikampata begani, hakukwepa. Kocha alimtazama, uso umemwiva. Wiki nzima amelala na kosa la mtu mwingine kifuani! Alitaka kumzaba kofi. Alitaka kulia. Kisha akawaona watoto wanamtazama yeye, mikono yote magotini, wanangoja aseme sheria inasemaje, na kile kikombe kikamrudia akilini. Kosa la mtu mwingine, ndiyo. Lakini siyo lote.

Naye akainua mkono.

"Na mimi nimechafuka," alisema, na machozi yakamtoka mbele ya wote. "Sikuwa na vikombe. Niliwanywesha wote kikombe kimoja, kitu ninachowakataza kila siku. Mliponiuliza nilisema sijui. Nilijua. Dada, nilijua. Niliona aibu."

Ni Chenga aliyeshuka mapajani, miguu bado myembamba kwa ugonjwa, akaja mpaka kwa mama yake mdogo. Akanyoosha mkono wenye glavu.

"Filimbi, mama mdogo."

"Ya nini?"

"Mmeinua mkono, lakini mmechelewa. Mlificha. Aliyeficha anakaa benchi mpaka mechi iishe."

Hakuna aliyecheka. Dada yake Kocha akasema taratibu, "Mpe filimbi mtoto. Na nyie wengine, nendeni mkacheze."

Kwa hiyo mechi ikachezwa, na benchi lilikuwa na watu wazima wawili, mmoja huku, mwingine kule.

"Ulisema salama," Kocha alisema bila kugeuka. "Mimi ninakufa pale ukutani, wewe unaniambia salama."

"Najua."

"Hujui. Nilijiona muuaji."

"Najua, Kocha. Sina cha kujitetea. Nilitaka unione mtu wa maana, nikakufanya hivi."

Chenga alipiga filimbi ya faulo, akaonya mtoto kwa kidole.

"Kazi vipi?" Kocha aliuliza.

"Nimesimamishwa. Bomba nalichimbua mwenyewe, Jumatatu linahamishwa mbali na choo. Maji yatapimwa na mtu mwingine, nimeomba hivyo. Wewe hata usiponitaka tena, nitalimaliza."

"Nani kasema sikutaki? Nimesema nimekasirika." Akafuta pua kwa mkono wa fulana. "Ile meseji ulinyamazia nini? Nilidhani unanionea aibu."

"Nilikuwa najionea mwenyewe."

Mechi ikaisha mbili kwa mbili. Chenga akaja na filimbi yake mpaka mbele ya benchi.

"Kunawa," aliamuru.

Wakasimama kwenye ndoo za njano, maji ya kuchemsha waliyoyaleta akina mama, sabuni moja kati yao. Watoto wakaanza: moja, mbili, tatu. Dada yake Kocha alisogea karibu, akahesabu nao kwa sauti ya chini. Walipofika ishirini Bwana Chupa akaitoa mikono yake, Kocha akaikamata kwenye kifundo, akairudisha.

"Vidole gumba," alisema, na akaanza kumsugua yeye mwenyewe, kimoja kimoja, kwa mikono yake iliyopasuka.

Watoto wakaziba midomo, mabega yanatikisika.

"Anayecheka anatoka!" Chenga alifoka, na yeye ndiye aliyeanza kucheka.