Damu ya Upande wa Baba

Kabla ya kwenda kazini, mwoka mikate alisugua shingo kwa dodoki mpaka ikamuuma. Weusi haukutoka.

"Unasugua shingo kama sufuria," shangazi yake alisema kutoka kitandani. "Yangu niliisugua mpaka nikakata tamaa."

Shangazi huyu alikuwa dada wa baba. Kisukari kilikuwa kimemla mguu mmoja, sasa kinamfifisha macho. Ujanani aliolewa, hakuzaa, akarudishwa kwao. Kwa sababu ya ndevu chache kidevuni, watu walimpachika jina la Beberu.

Sasa mwoka mikate naye alikuwa akinyoa kidevu kwa siri. Hedhi yake ilipotea kwa miezi, ikaja, ikapotea tena. Mumewe, fundi wa kuchomea vyuma, hakumsema. Alinyamaza tu, na ukimya huo ndio uliomtisha mkewe: aliogopa kurudishwa kama shangazi. Mama yake alimtuliza.

"Mimi nimezaa sita, nawe ni damu yangu. Ya Beberu ni ya kwa baba yako. Hayakuhusu."

Aliyaamini. Akanywa dawa chungu za kusafisha tumbo, akaacha kula mchana ili apungue. Kiwandani alitafuna tu skonzi zilizovunjika, na chai ya sukari, akiwa wima mbele ya tanuri. Wenzake wote walifanya hivyo. Vipande si chakula, walisema.

Jioni moja jirani yao muuguzi alikuja kumfunga shangazi kidonda. Akaitazama shingo ya mgonjwa, kisha ya mpwa wake.

"Mdogo wangu, siku zako zinakuja sawasawa?"

Mwoka mikate akainama.

"Haziji," shangazi akamjibia. "Zangu pia hazikuwa zikija."

Muuguzi akaweka bandeji chini. "Weusi huu si uchafu. Mara nyingi ni dalili kwamba insulini imezidi. Insulini huifungulia sukari mlango iingie mwilini iwe nguvu. Kwa wengine mlango ni mgumu, basi mwili unaongeza insulini ili uusukume. Ile ya ziada huzichochea ovari, mahali mayai ya mwanamke yanapokomaa, zitoe homoni za kiume kupita kiasi. Ndevu zinaota, yai halikomai, siku zinapotea. Miaka ikipita, kisukari nacho kinaweza kuingia."

"Lakini hayo ni ya upande wa baba."

"Kwani baba hakukuzaa? Mtoto huchukua nusu kwa baba, nusu kwa mama. Mwanamume hana ovari, ila anaweza kukupa vinasaba vya ugonjwa huu. Yeye sukari yake ikoje?"

"Ana kisukari."

"Umeona? Ila vinasaba hivyo ni vingi, na kurithi si hukumu. Unarithi mwelekeo. Chakula na mazoezi vinaweza kuuzidisha au kuupunguza. Hata watu wembamba wanaupata ugonjwa huu."

"Mimi mchana sili, dada. Vipande tu."

"Vya nini?"

Akamweleza. Muuguzi hakucheka. "Mwili hauulizi kama skonzi ilikuwa nzima."

Shangazi akajiinua kitandani. "Kwa hiyo haikuwa laana?"

"Ni ugonjwa, mama."

"Nilimpigia mume wangu magoti. Nikamwomba msamaha."

Muuguzi akaiokota bandeji, akaendelea kumfunga kidonda.

Hospitalini walimpima mwoka mikate damu, wakaziangalia ovari kwa mashine, wakathibitisha maneno ya muuguzi. Daktari alimwandikia vidonge, akamwambia wazi kwamba ugonjwa huo hauponi kabisa, unadhibitiwa. Mumewe akapimwa pia, maana mimba ni ya wawili. Mwoka mikate akaanza kubeba maharage na mboga kazini, akaacha sukari kwenye chai, akawa anarudi nyumbani kwa miguu. Wenzake wakamwita Bi Daktari. Akawaacha waseme.

Hedhi ilirudi polepole, kisha ikashika mwezi wake. Sukari yake, iliyokuwa imeanza kupanda, ikashuka. Mimba bado, ila sasa mayai yalikuwa yakikomaa, na mumewe alikuwa ameanza kuuliza, "Daktari kasemaje?"

Alipompelekea shangazi habari, macho ya bibi yule yalikuwa yamezima kabisa.

"Na mdogo wako?" shangazi akauliza.

"Siku zake pia zinaruka. Anasema ni kawaida yake."

"Mwite. Na baba yenu aje, akae hapa asikie."

Wakaja. Shangazi aliwasimulia yote, toka siku aliyorudishwa, bila kuficha. Kaka yake alisikiliza, kichwa chini. Asubuhi yake alimpeleka yule binti mdogo hospitali mwenyewe.